Wifi, Nipime au Nisipime?
Somo la kisukari cha mimba, kutoka simu moja ya Nyamuswa

Ukiwa wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu, unageuka kuwa kila kitu. Utaulizwa dawa ya ng'ombe, utaulizwa barua ya benki, utaulizwa kwa nini simu ya mjomba haishiki mtandao. Haijalishi unasomea nini. Mimi nasomea ualimu wa baolojia, lakini kwetu Nyamuswa, wilayani Bunda, mimi ni "msomi", basi, yametosha.

Ndiyo maana sikushangaa wifi yangu aliponipigia simu Novemba mwaka jana, jioni, katikati ya wiki ya majaribio. Alikuwa na mimba ya wiki 25, ya tatu. Kliniki walikuwa wamempa kikaratasi: aende Bunda mjini, asubuhi, bila kula, akanywe glukosi na kutolewa damu mara tatu. Nesi alikuwa na foleni ndefu, hakueleza zaidi. Kaka yangu alikuwa anapiga hesabu ya nauli. Mama alikuwa ameshatoa hukumu: "Mimi nimezaa saba, sikunyweshwa glukosi hata siku moja. Mimba si ugonjwa."

"Sasa wifi," akaniambia, "wewe ndiye msomi wetu. Nipime au nisipime?"

Nilifungua mdomo nimwambie "kapime", nikanyamaza. Niligundua kwamba nilitaka kumwambia kapime kwa sababu tu msomi anatarajiwa kusema hivyo. Kama angeniuliza kwa nini, nisingekuwa na jibu. Nikamwomba siku mbili. Makala haya ndiyo niliyojifunza katika siku hizo mbili, na katika miezi iliyofuata. Nayaandika hapa kwa sababu wengi wetu tutapokea simu kama hiyo, na baadhi yetu, wasichana wenzangu tunaosoma na kulea kwa pamoja, ndio tutakaoshika kikaratasi wenyewe.

Tahadhari kabla ya somo: mimi si daktari. Ninachoweza kukusaidia ni kwenda kwa daktari ukiwa na maswali yanayoeleweka.

Kwanza, kisukari cha mimba ni nini?

Chakula chenye wanga, yaani ugali, viazi, wali, muhogo, kikishameng'enywa huwa glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo kazi yake ni kufungulia glukosi milango ya chembe za mwili. Insulini ikipungua, au chembe zikiwa sugu kwake, sukari hubaki ikizunguka kwenye damu.

Mimba huleta usugu huo kwa makusudi. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitii insulini haraka, ili chakula kisiishie kwa mama, kipite kwenda kwa mtoto. Ni mpango mzuri wa maumbile. Kwa wanawake wengi kongosho hujibu kwa kuongeza insulini, na mambo huenda sawa. Kwa wengine kongosho huzidiwa. Sukari inapanda. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Hujitokeza zaidi miezi mitatu minne ya mwisho, ndiyo maana kipimo hufanywa kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Sasa angalia upande wa mtoto. Glukosi ya mama hupita kwenye kondo, lakini insulini ya mama haipiti. Mtoto anayepokea sukari nyingi hulazimika kutengeneza insulini nyingi ya kwake, na insulini hiyo humfanya ajenge mafuta na kunenepa, hasa mabegani na kiwiliwili. Wakati wa kuzaliwa, kichwa kinaweza kutoka na mabega yakakwama. Hapo ni dakika chache tu za kuokoa maisha. Na akishazaliwa, kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla huku insulini yake bado ni nyingi: sukari yake inaweza kuporomoka katika saa za kwanza. Kwa mama, hatari zinazoongezeka ni shinikizo la juu la damu la mimba, upasuaji na kuchanika.

Hapa ndipo nilipokumbuka jambo. Mtoto wa pili wa wifi alizaliwa na kilo 4.6. Kijijini tulishangilia. "Mtoto ana afya huyo, kazaliwa na miezi mitatu!" Hakuna aliyezungumzia kwamba mama yake alikaa wiki tatu hawezi kuketi vizuri, wala kwamba mkono wa kulia wa yule mtoto ulichelewa kunyanyuka. Tulisema alilalia vibaya.

"Lakini si nilipima mkojo?"

Hilo lilikuwa swali lake la pili, na ni swali zuri. Kwenye kadi yake ya kliniki, mbele ya sukari kwenye mkojo, palikuwa pameandikwa "hakuna". Kwa nini basi asumbuliwe na damu?

Kwa sababu mkojo wa mjamzito si shahidi wa kuaminika katika kesi hii. Figo zake huchuja damu nyingi kuliko kawaida, hivyo sukari inaweza kuonekana kwenye mkojo wakati damu iko salama kabisa. Na kinyume chake, sukari ya damu inaweza kupanda baada ya kula kiasi cha kumdhuru mtoto, kisha ikashuka, bila mkojo wa asubuhi ya kliniki kuonyesha chochote. Mkojo ukionyesha sukari, ni sababu ya kuchunguza zaidi. Usipoonyesha, si cheti cha usalama.

Wala usingoje dalili. Kiu, kukojoa mara kwa mara, uchovu: ni mjamzito gani asiyekuwa navyo? Wengi wenye kisukari cha mimba hawasikii kitu chochote cha tofauti.

Kipimo chenyewe kikoje?

Mama hafungui kinywa usiku kucha, saa 8 hadi 14, isipokuwa maji. Asubuhi anatolewa damu ya kwanza. Kisha anakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, ndani ya dakika tano. Ni tamu kupita soda, na wengine huwapa kichefuchefu. Anakaa. Hatembei, hali. Baada ya saa moja damu ya pili, baada ya saa mbili damu ya tatu.

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2013, linasema ni kisukari cha mimba kama hata kipimo kimoja kati ya hivi kimefika: milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Ikifika 7.0 kabla ya kula, au 11.1 baada ya saa mbili, hicho kinahesabiwa kuwa kisukari kamili kilichokutwa kwenye mimba, pengine kilikuwepo hata kabla yake.

Sasa zungusha hayo katika mazingira yetu. Mtu anatoka Nyamuswa alfajiri kwa bodaboda au kwa gari la abiria, tumbo tupu, mimba ya miezi sita, barabara unaijua. Akifika, anasubiri foleni, kisha saa mbili za kipimo, kisha kurudi. Sera inasema huduma za mama mjamzito kwenye vituo vya serikali hazilipiwi, lakini bodaboda haijasoma sera. Kwa hiyo kaka alipokuwa anapiga hesabu hakuwa bahili. Gharama ni sehemu ya uamuzi, na anayekuambia "nenda tu" bila kuitaja hajakushauri.

Mama ana hoja

Nilianza kusoma nikiwa na nia ya kumshinda mama. Nikakuta ana hoja.

Mwaka 1991 jopo la watafiti, akiwemo Dkt. Swai na Profesa McLarty waliofanya kazi kubwa ya kisukari nchini, walichapisha utafiti wa wajawazito wa vijijini Tanzania. Hawakuona uwezo wa miili yao kuhimili sukari ukiharibika kwa sababu ya mimba. Miaka miwili kabla yake, jopo hilohilo lilikuwa limeonyesha kwamba katika vijiji vya Tanzania mtu mzima mmoja tu, au karibu, kati ya 100 ndiye aliyekuwa na kisukari. Ndiyo miaka mama alipokuwa anazaa. Alikuwa analima kwa mkono, anatembea na ndoo kichwani, soda anaiona harusini. Kuzaa saba bila glukosi hakukuwa bahati tu.

Lakini nchi imehama. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Njia za kupima hazikuwa zilezile, kwa hiyo usizilinganishe namba hizi kama bei za nyanya, ila mwelekeo hauna ubishi. Na mwaka 2014, watafiti wakiongozwa na Akwilina Mwanri wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walichapisha matokeo ya wajawazito 910: mjini asilimia 8.4 walikuwa na kisukari cha mimba, vijijini asilimia 1.0.

Tuliza akili kwenye namba hizo. Ukichukua wajawazito 100 wa mjini, wapatao 8 wanacho. Ukichukua 100 wa kijijini, mmoja. Kwa hiyo ukiniuliza kama kila mjamzito wa kila kijiji cha Bunda na Butiama apande gari akanywe glukosi kesho, sitakujibu kwa haraka. Kwa mjamzito yeyote tu wa Nyamuswa, bila kujua habari zake, mama yuko karibu na ukweli.

Ila wifi si mjamzito yeyote tu. Kuna mambo yanayomtoa mtu kwenye wastani: kuwahi kuzaa mtoto mkubwa wa kilo 4 na zaidi, kuwahi kuwa na kisukari cha mimba, mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, uzito mkubwa, umri kusogea zaidi ya 30 na hasa 35, kuwahi kupoteza mtoto tumboni bila sababu kujulikana. Wifi ana miaka 34, amezaa mtoto wa kilo 4.6, na mama yake mzazi anachoma insulini. Ni mambo matatu kwa mtu mmoja. Huyo huwezi kumpima kwa wastani wa kijiji.

Kipimo kinasaidia nini hasa?

Kujua si dawa. Kipimo kina maana kama kinafuatwa na kitu kinachobadilisha mambo. Je, kipo?

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Australia wa wanawake 1,000 waliokuwa na kisukari cha mimba cha kiasi. Nusu walipewa ushauri wa chakula, kupima sukari na insulini kwa waliohitaji. Nusu walipewa huduma za kawaida tu. Madhara makubwa kwa watoto, yaani kifo, mabega kukwama, kuvunjika mfupa au mshipa wa fahamu wa mkono kuumia, yalikuwa asilimia 4 kwa wasiotibiwa na asilimia 1 kwa waliotibiwa.

Tuliweke kwa lugha ya kuhesabu vidole. Kati ya wanawake 100 wenye kisukari cha mimba cha aina hiyo, 96 watoto wao wangeepuka madhara hayo makubwa hata bila tiba. Watatu wanaokolewa na tiba. Mmoja anapata madhara hata akitibiwa. Watatu ni wachache au wengi? Inategemea kama mmoja wao ni wako.

Kuna na upande wa pili, ambao mabango ya kliniki hayauandiki. Katika utafiti huohuo, waliotibiwa walianzishiwa uchungu zaidi, asilimia 39 dhidi ya 29, na watoto wao walilazwa zaidi kwenye wodi ya watoto wachanga. Jina la ugonjwa likishaandikwa kwenye kadi, kila mtu anakuangalia kwa jicho jingine.

Halafu kuna swali la mstari. Nani aliamua kwamba 5.1 ni ugonjwa na 5.0 si ugonjwa? Vigezo vya kwanza kabisa, vya O'Sullivan na Mahan huko Boston mwaka 1964, vilitokana na wanawake 752 na vililenga kubashiri ni mama gani atapata kisukari baadaye, si mtoto gani ataumia. Vigezo vya leo vimesimama juu ya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, wa wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi tisa. Hakuna hata moja ya Afrika. Na utafiti huo ulionyesha kwamba hatari hupanda polepole kadiri sukari inavyopanda, kama mlima usio na ngazi. Mahali pa kuchora mstari walikubaliana watu mezani.

Mwaka 2022 watafiti wa New Zealand walijaribu mistari miwili kwa wanawake zaidi ya 4,000. Mstari wa chini, uleule wa Shirika la Afya Duniani, uliwaita wagonjwa asilimia 15.3. Mstari wa juu, unaoanzia 5.5 kabla ya kula, uliwaita wagonjwa asilimia 6.1. Watoto waliozaliwa wakubwa kupita kiasi? Asilimia 8.8 kwa 8.9. Sawasawa. Maana yake ni kwamba mtu aliye mbali juu ya mstari ana faida ya wazi kutibiwa, lakini aliyeugusa tu asilie usiku kucha.

Maswali matatu

Baada ya kusoma hayo yote niliona kwamba "nipime au nisipime" ni swali lililojikunja. Ukilikunjua ni matatu.

La kwanza: mimi niko wapi kwenye wastani? Hapo orodhesha mambo yako kama tulivyofanya kwa wifi. Kama huna hata moja na ni binti wa miaka 22 kijijini, uwezekano wako ni mdogo, na kipimo cha kidole kabla ya kula kwenye kituo cha karibu kinaweza kuwa mwanzo unaotosha kuzungumza na nesi. Kama unayo mawili matatu, hesabu inabadilika.

La pili: kipimo ninachoambiwa ni kipi, na jibu lake linaaminika kiasi gani? Uliza. Ni mkojo, kidole au glukosi? Ni saa ngapi bila kula? Mstari wenu unaanzia wapi? Ukila kipande cha muhogo njiani, jibu limeharibika, na ni heri useme.

La tatu: jibu likija, nitafanya nini nalo? Je, naweza kubadili chakula katika nyumba ambayo sipiki peke yangu? Naweza kurudi kliniki kila baada ya wiki mbili? Nikiambiwa nijifungulie hospitali, si nyumbani wala zahanati, nauli na mtu wa kunisindikiza wapo? Hilo la tatu si la mama peke yake. Ni la mume na la mama mkwe pia.

Na kukataa nako ni jibu. Ni haki ya mjamzito kuuliza, kukubali na kukataa, na anayekataa baada ya kuelewa asitukanwe. Tatizo ni yule anayekataa au kukubali gizani.

Nilimpigia wifi siku ya tatu nikamsomea maswali hayo kwa simu, kaka akiwa pembeni, spika imewashwa. La kwanza alilijibu mwenyewe kabla sijamaliza. "Kumbe ule mkono wa mtoto..." akasema, akanyamaza. La tatu lilijibiwa na kaka: "Nauli nitatafuta." Mama hakusema kitu, ila siku iliyofuata alimtafutia shangazi wa Bunda mjini ili wifi alale huko, asisafiri na njaa. Ushauri huo muupokee: kama una ndugu karibu na hospitali, lala kwake. Beba na chakula cha kula mara damu ya tatu ikishatoka.

Jibu lilipokuja

Kabla ya kula: 5.4. Saa moja: 9.2. Saa mbili: 7.9.

Angalia namba hizo tena. Kwa mstari wa Shirika la Afya Duniani, wifi ana kisukari cha mimba, kwa kipimo kimoja, kwa nukta tatu. Kwa ule mstari wa juu wa New Zealand, hana. Kati ya majibu yote yaliyowezekana, alipata lile la kunitesa mimi.

Daktari alikuwa na busara. Alimwambia dawa bado, tuanze na sahani. Na kweli, kwa wanawake wengi wenye tatizo hili chakula na mwendo hutosha. Wachache ndio huongezewa metformini au insulini.

Sahani yenyewe ndiyo hii, na vitu vyake vyote vinapatikana Nyamuswa bila kwenda popote. Ugali uwe robo ya sahani. Robo nyingine dagaa, samaki, maharage au maziwa pembeni. Nusu nzima mboga: mchicha, mlenda, kisamvu, majani ya kunde. Chai bila sukari, uji bila sukari, soda na juisi viage mpaka mtoto azaliwe. Matunda mazima, moja kwa wakati. Usiruke mlo, usijinyime njaa, maana mtoto anahitaji kula. Baada ya kula, tembea dakika 10 hadi 15, badala ya kukaa.

Hapo kuna kosa moja tulilolifanya wote nyumbani. Wifi aliacha sukari kabisa, akaongeza ugali wa muhogo, kwa sababu "muhogo hauna sukari". Muhogo ni wanga, na wanga ndiyo sukari yenyewe ikiwa imevaa koti. Mtama na ulezi wa kusaga na maganda yake hupandisha taratibu kuliko sembe, lakini nao si ruhusa ya kujaza sahani. Na majani machungu ya mtu wa sokoni yasichukue nafasi ya kliniki.

Kwa wiki chache za kwanza ugomvi mdogo haukukosekana. Mama aliona mjamzito anapunjwa ugali nyumbani kwake, ni aibu. Akaja kukubali pale alipoambiwa apike mlenda mwingi zaidi, maana mlenda wake hauna mpinzani.

Mtoto wa kike alizaliwa mwishoni mwa Februari, hospitali, kwa njia ya kawaida. Kilo 3.5. Alipimwa sukari kisiginoni saa za mwanzo, ikawa nzuri, akanyonya.

Kwa hiyo kipimo kilifanya kazi? Hapa nataka tuwe wakweli kama wanafunzi wa sayansi. Sijui. Huenda angezaliwa na kilo 3.5 hata bila kipimo. Huenda angekuwa wa 4.6. Mtu mmoja si utafiti, na yeyote anayekuambia "dada yangu alipima akapona" au "dada yangu hakupima na hakuna kilichotokea" anakusimulia habari, hajakupa ushahidi. Ninachojua ni kwamba safari hii wifi aliingia chumba cha kujifungulia watu wakijua kwamba mtoto wake wa kwanza kabla ya huyu alikuwa mkubwa na kwamba mabega ni ya kuangaliwa. Mara ya kwanza hakuna aliyejua chochote, hata yeye.

Kilichobaki

Nilidhani somo limeishia hapo. Halijaisha. Mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu unaozidi mara 7 ule wa mwenzake ambaye hakuwahi. Anatakiwa kurudi kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu. Kunyonyesha kunasaidia kupunguza hatari hiyo.

Leo mtoto ana wiki saba. Kaenda kliniki, kachanjwa, kapimwa uzito, kadi yake imejaa. Mama yake hajapimwa. Hakuna aliyekataa, ila hakuna aliyeuliza. Mtoto akishatoka, macho yote humfuata mtoto, na mwili uliombeba unarudi shambani. Hata mimi, msomi, katika simu zote nilizopiga tangu Februari nimeuliza mtoto anaendeleaje. Nimehesabu. Sikumuuliza wifi kuhusu sukari yake hata mara moja.

Likizo inaanza wiki ijayo. Safari hii nauli ya Bunda ni juu yangu, na shangazi ameshaambiwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini insulini ya mama haimsaidii mtoto, na matokeo yake ni nini kabla na baada ya kuzaliwa?
2. Rafiki yako ana miaka 23, mimba ya kwanza, hakuna mwenye kisukari kwao, anaishi kijijini. Mwingine ana miaka 36, anaishi Musoma mjini, mtoto wake wa mwisho alikuwa na kilo 4.4. Utawashauri sawa? Toa sababu kwa kila mmoja.
3. Majibu ya wifi yalikuwa 5.4, 9.2 na 7.9. Kama wewe ndiye daktari, ungemwambia nini, na ungemwambiaje bila kumtisha wala kumdanganya?
4. Katika familia yenu, nani ambaye mara ya mwisho aliulizwa afya yake siku mtoto wake alipozaliwa?